Daftari la Chama Lisifungwe na Mtu Mwingine



Naomba nafasi katika gazeti letu ili niseme na wanachama wenzangu juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la makarani tu, lakini mimi nimeona kwa macho yangu ya kwamba ni la kila mfanya kazi. Jambo lenyewe ni kompyuta ya ofisi ya tawi na programu zinazotumika ndani yake. Mimi si mtaalamu. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, na kazi yangu ni katika genge la kutengeneza njia ya reli. Nyumbani kwangu ni Oltepesi. Lakini tangu wanachama waliponichagua kuwa mweka kumbukumbu wa tawi nimelazimika kujifunza, na niliyojifunza nimeyalipia. Sitaki tawi jingine liyalipie tena.

YALIYOTUPATA

Wanachama wa tawi letu walichanga fedha tukanunua laptopu kuukuu katika duka moja la Kitengela. Fundi wa duka alitutilia ndani yake Microsoft Office, akasema kila kitu ki tayari wala hatutadaiwa zaidi. Tulifurahi sana. Hatukumwuliza programu ile ameitoa wapi.

Nikaanza kuandika humo majina ya wanachama, siku zao za likizo, na saa za ziada ambazo kila mtu amefanya. Ofisi ya mwajiri ina orodha yake, lakini tuliona yafaa nasi tuwe na yetu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na saa za mfanya kazi ni mali yake, maana hana nyingine ya kuuza.

Yakaja masika, maji yakachukua kokoto chini ya mataruma mahali pawili, na genge letu likafanya kazi usiku na mchana mpaka njia ikapitika. Saa zile za ziada hazikulipwa zote. Tukaomba mkutano na maofisa, tukapewa siku. Jioni ya kuamkia siku ile, wanachama watatu waliniletea vikaratasi vyao vya saa, kwa kuwa walikuwa kambini mbali. Nikafungua orodha niongeze majina yao. Juu ya kioo kukatokea utepe mwekundu ukisema programu hii haina leseni halali. Kusoma niliweza, na kupiga chapa niliweza, lakini kuongeza hata herufi moja sikuweza. Nikampigia yule fundi simu. Akasema nimpelekee fedha atutilie nyingine.

Nilipiga chapa orodha jinsi ilivyokuwa, nikaongeza majina matatu kwa kalamu. Asubuhi ofisa akaitazama, akasema karatasi yenye majina ya mashine na majina ya mkono haiwezi kupokewa, turudi na orodha safi. Nami siwezi kumlaumu. Ningekuwa mahali pake huenda ningesema vilevile. Mkutano ukasogezwa wiki tatu mbele. Mmoja wa wale watatu ni mzee wetu wa genge, ambaye alikuwa akiitegemea fedha ile kwa karo ya mtoto. Akauza mbuzi wawili kwa bei ya haraka, na kila mfugaji ajua bei ya haraka ni bei gani. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kijana wangu, daftari la karatasi halijapata kunikataza kuandika."

Neno lile lilinikaa moyoni. Tulikuwa tumeweka haki za watu ndani ya sanduku ambalo ufunguo wake hatunao.

TULIVYOTOKA

Binti wa mwanachama mwenzetu, ambaye yuko chuo cha ufundi, alikuja nyumbani likizo. Alipoisikia habari hii akaleta flashi yenye programu iitwayo LibreOffice. Ilikuwa kama megabaiti 350 hivi. Aliitoa ile ya wizi, akatutilia hii kwa muda wa kunywa chai, kisha akafungua orodha yetu ileile ya zamani. Ilifunguka. Nikaongeza majina matatu palepale. Mkutano wa pili tulikwenda na orodha safi, na mzee wetu akalipwa, ingawa mbuzi walikuwa wamekwisha kwenda.

Nilimwuliza binti yule, hii nayo umeitoa wapi, na mwenyewe ni nani? Naandika hapa aliyonieleza na yale niliyoyasoma baadaye, maana sisi watu wa vyama tuna fundisho ndani yake.

HABARI YA WATU WALIOONDOKA NA VYOMBO VYAO

Programu hii ilianzia Ujerumani kwa jina la StarOffice. Mwaka 1999 ilinunuliwa na kampuni ya Marekani iitwayo Sun Microsystems. Mwaka 2000 kampuni hiyo iliufungua msimbo wake, yaani yale maandishi ambayo programu imeundwa kwayo, ili kila mtu aweze kuyasoma na kuyatengeneza, na jina likawa OpenOffice.org. Watu wa nchi nyingi wakaingia kazini. Hata kwetu Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wataalamu kutoka Uswidi waliitafsiri kwa Kiswahili, na mwaka 2004 ikatoka kwa jina la Jambo OpenOffice. Hawakumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa leseni ilikwisha kuwapa ruhusa.

Mapema mwaka 2010 Sun ilinunuliwa na kampuni nyingine kubwa, Oracle. Mwajiri mpya akaja, na wale waliokuwa wakiitengeneza programu wakaingiwa na wasiwasi juu ya nia yake. Je, walifanya nini? Tarehe 28 Septemba 2010 wengi wao walitangaza ya kwamba wanaanzisha umoja wao wenyewe, wakauchukua msimbo, wakauita LibreOffice. Baadaye umoja huo uliandikishwa Berlin kuwa taasisi isiyotafuta faida. Hawakuiba kitu. Leseni ile ilisema tangu mwanzo ya kwamba kila mtu anaweza kuitumia programu, kuisoma jinsi ilivyoundwa, kuibadilisha, na kumpa mwenzake.

Ndugu zangu, fikirini jambo hili. Kampuni ikiuzwa, mara nyingi mfanya kazi huuzwa pamoja na mashine. Lakini hawa waliweza kuondoka na vyombo vyao mikononi, kazi yao ya miaka mingi isipotee, kwa sababu mkataba uliandikwa vizuri tangu siku ya kwanza. Mtu asiseme ya kwamba mikataba ni maneno tu.

HOJA ZA WANAOPINGA

Nilipolileta jambo hili mbele ya kamati, wengine walilipinga, na yafaa niwajibu kwa heshima.

Wa kwanza alisema, "Rahisi ni ghali, kitu cha bure hakina nguvu." Namjibu ya kwamba neno bure lina maana mbili hapa. Kuna bure ya kutolipa, na kuna uhuru wa kukitumia kitu bila kufungiwa. Sisi twataka ile ya pili zaidi. Tena si bure kwa kila mtu: kuna watu wanaofanya kazi ile, na taasisi ile huishi kwa michango pamoja na kazi ya watu wa kujitolea. Ni harambee. Kuhusu nguvu, mwaka 2024 serikali ya jimbo la Schleswig-Holstein kule Ujerumani ilitangaza ya kwamba itahamisha kompyuta 30,000 za watumishi wake kutoka Microsoft Office kwenda LibreOffice. Ikiwa yatosha serikali ya jimbo, haitashindwa na orodha ya likizo ya genge.

Wa pili alisema, "Kwa nini tusiendelee na ile ya kunakili? Kila duka latia hiyo." Huyu namjibu kwa ukali kidogo. Waliounda Microsoft Office nao ni wafanya kazi wa mshahara. Chama kinachosimama mbele ya mwajiri kikisema tulipe jasho letu, hakiwezi kukaa usiku na jasho la mwingine lililoibwa. Na ukiacha haki na sheria, kuna hatari. Ili programu ya wizi ikubali, mara nyingi fundi huizima kinga ya virusi na kuingiza kijiprogramu cha kuvunja kufuli. Hujui kijiprogramu kile kimekuja na nani nyuma yake. Ndani ya kompyuta ile yamo majina ya wanachama, namba za vitambulisho na namba za simu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yatudai tuzitunze habari za watu.

Wa tatu alisema, "Tuweke kila kitu mtandaoni kwa Google, nako ni bure." Kwa barua za kawaida sina ugomvi. Lakini huku kwetu mtandao huja na kwenda kama mvua, na bando lina bei. Tena orodha ya chama ikiwa imewekwa kwa mwingine, huyo mwingine ndiye mwenye mlango.

Wa nne alisema neno la kweli, nami nalikubali. Alisema barua iliyoandikwa katika Microsoft Office yaweza kufika katika LibreOffice na mistari imehama kidogo, na baadhi ya faili za hesabu zenye amri za kujiendesha zenyewe hazifanyi kazi. Ni kweli. Ofisi ikituletea faili ya namna hiyo, twaomba ituletee ya kawaida au karatasi. Hayo ni mashaka, lakini ni madogo kuliko yale ya utepe mwekundu.

UPANA WA NJIA

Sisi watu wa reli tunaweza kulifahamu jambo jingine upesi kuliko wengine, nalo ni jambo la namna ya faili. Njia yetu ya zamani ina upana wa milimita 1,000 kati ya reli na reli. Njia mpya ya SGR, ambayo ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ina milimita 1,435. Behewa la hii halipiti kwenye ile. Mzigo hauna budi kushushwa na kupakiwa upya, na hapo kuna gharama na kuvunjika.

Faili za kompyuta nazo zina upana wao. LibreOffice huhifadhi kwa namna iitwayo ODF. Barua huishia kwa herufi odt na hesabu kwa ods. Vipimo vya namna hiyo vilikubaliwa kuwa kanuni ya mataifa mwaka 2006, na mtu yeyote aweza kuvisoma na kuunda behewa la kupita juu yake. Hata Microsoft Office ya siku hizi hufungua faili hizo. Kwa hiyo daftari la chama likihifadhiwa kwa namna hii, mwanachama atakayelihitaji miaka ishirini ijayo, akidai malipo yake ya uzeeni, hatakuta njia imefungwa kwa sababu kampuni fulani imebadili upana.

MASHAURI YA KAZI

Haya ni mashauri ninayowapa wenzangu wa matawi, kama nilivyoyajaribu.

1. Ichukueni LibreOffice kutoka libreoffice.org, au kutoka kwa mtu mnayemwamini aliyeichukua hapo. Msimlipe mtu anayedai kuuza leseni yake, leseni haiuzwi. Fundi anaweza kudai ujira wa muda wake, na huo ni haki yake.

2. Faili ya chama ya kuandikiwa ihifadhiwe kwa odt au ods. Mtu wa ofisi akitaka docx au xlsx, tumia amri ya Save As, umpe nakala ya namna hiyo, nawe ubaki na ya asili.

3. Karatasi ya kupeleka kwa ofisa au kupiga chapa saiba, ifanye kuwa PDF. Kuna kitufe chake juu ya kioo. PDF haihami mistari, na mtu haigeuzi kwa urahisi. Ukienda katika orodha ya File na kuchagua kutoa PDF, utaona mahali pa kuweka alama palipoandikwa Hybrid PDF. Ukiweka alama hapo, PDF itabeba ndani yake faili yako ya asili, nawe utaweza kuifungua tena na LibreOffice na kuirekebisha. Hili limenisaidia sana.

4. Ingia Tools, kisha Options, kisha Load/Save, kisha General, uweke alama penye Always create backup copy. Toka hapo, kila ukihifadhi, programu itatunza nakala ya kabla yake. Juu ya hayo, kila Ijumaa nakili daftari katika flashi mbili. Moja ikae kwa katibu na moja kwa mweka hazina, nyumba mbalimbali. Moto na mwizi havichagui.

5. Orodha yenye namba za vitambulisho iwekwe neno la siri wakati wa kuihifadhi. Neno hilo lijulikane na watu wawili, maana likisahauliwa hakuna fundi wa kulifungua.

6. Ikiwa kompyuta ya tawi ni ya Windows 10, jueni ya kwamba Microsoft iliacha kuitunza kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ikiwa mashine haiwezi kupokea Windows 11, msiitupe. Mwombeni kijana mjuzi aijaribu na Linux, mathalani Ubuntu au Mint, ambazo nazo ni za uhuru, na LibreOffice na Firefox hupatikana humo bila malipo.

7. Kwa Kiswahili, ndani ya LibreOffice kuna kamusi ya kusahihisha tahajia. Chagueni lugha ya Swahili ya Tanzania. Haijui maneno yote ya kazi yetu, lakini unaweza kuyaongeza, nami nimekwisha kuongeza taruma na nyapara.

JUU YA KIVINJARI

Kivinjari ni ile programu ya kufungulia mtandao. Mimi natumia Firefox, ambayo msimbo wake nao u wazi. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka Novemba 2004, na mwenyewe ni Mozilla, taasisi isiyotafuta faida. Sisemi ni malaika: sehemu kubwa ya fedha zake hutoka kwa Google, na hilo yafaa lijulikane. Lakini yatosha kazi yetu, na katika simu ya Android pia ipo.

Mwenzetu mmoja alifungua barua pepe yake katika saiba ili apige chapa hati yake ya mshahara. Kivinjari kikamwuliza, je, nilikumbuke neno lako la siri? Akabonyeza ndiyo, akidhani ndiyo njia ya kuingia. Wiki ile watu wa mtaa walikuwa wakimtania kwa mshahara wake na mikopo yake. Basi mashauri yangu ni haya. Katika saiba, fungua kwanza dirisha la faragha; katika Firefox bonyeza Ctrl, Shift na P pamoja. Ukilifunga, kivinjari husahau ulikokwenda. Lakini jihadhari: dirisha hilo halikufichi kwa mwenye mtandao. Ukiwa katika mtandao wa mwajiri, usifanye mambo ya chama humo.

Tena, ongeza ndani ya Firefox kile kiongezo kiitwacho uBlock Origin, nacho ni cha bure. Huzuia matangazo, na matangazo yakipungua bando huenda mbali zaidi, na zile kurasa za kukudanganya kwamba umeshinda zawadi hupungua pia. Chrome ya Google imekwisha kukikataa kiongezo hiki cha asili. Mwenye biashara ya matangazo hapendi mlinzi wa kuyazuia. Hapo nawaachia mfikiri wenyewe.

NINALOOMBA

Wazee wetu wa vyama walijua thamani ya kuwa na mashine. Makhan Singh, aliyekuwa katibu wa chama cha wafanya kazi Nairobi mwaka 1935, alikuwa mtu wa matbaa kabla ya kuwa mtu wa migomo. Serikali ya kikoloni ilimkamata mwaka 1950 na kumzuia mpaka mwaka 1961. Watu kama hao hawakupata taabu ile ili sisi tuje tukwame mbele ya ofisa kwa sababu fundi wa duka ametutilia kitu cha wizi.

Kwa hiyo naomba katika mkutano mkuu ujao kila tawi likubali mambo matatu. Kwanza, programu zote za wizi ziondolewe katika kompyuta za chama. Pili, daftari la wanachama lihifadhiwe kwa namna iliyo wazi, na nakala mbili nje ya ofisi. Tatu, kila tawi lichague kijana mmoja, awe mume au mke, afundishwe na kuwafundisha wengine, ili elimu isikae kwa mtu mmoja. Mimi nikipata uhamisho kesho, daftari lisihame nami.

Na mwenye kusema sisi watu wa genge hatuwezi mambo haya, namwambia tu ya kwamba mzee wetu, yule aliyeuza mbuzi, juma lililopita alikaa karibu nami mbele ya laptopu, akavaa miwani, akaandika jina lake mwenyewe na saa zake mwenyewe. Alipomaliza aliniuliza, "Hii haitanikataza kesho?" Nikamwambia, haitakukataza, mzee.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi ndugu yenu,
Mfanya kazi wa genge, Oltepesi